Bastola Mezani, Isale Mpakani

Desemba iliyopita, katika kilabu kimoja cha mbege hapa Kilema, jamaa aliyekuja kula Krismasi kutoka mjini aliweka bastola mezani. Ugomvi wenyewe ulikuwa mpaka wa kihamba! "Nina kibali," akasema, "na Marekani hii ni haki ya kila mtu." Wazee wakanyamaza. Vijana wenzangu wakamtazama kama nyota wa video.

Mimi nakataa. Haki hiyo ya Wamarekani iliandikwa 1791, enzi za gobore. Matunda yake je? Desemba 2012 watoto 20 na watu wazima 6 waliuawa katika shule ya Sandy Hook. Aprili 2013 Seneti ikapigia kura muswada wa kuwachunguza zaidi wanunuzi wa silaha. Waliounga mkono 54, waliokataa 46. Ukaanguka, maana zilitakiwa 60! Chama cha wenye bunduki, NRA, kiliupinga kufa na kupona. Yaani bunduki ina wabunge, watoto hawana.

Kwetu, Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya 2015 inataka kibali. Kibali si haki. Hutolewa, na hufutwa. Na mpaka wetu unalindwa na isale. Ukimkosea ndugu, unampelekea jani lake kuomba msamaha. Leo mtu mzima anachomoa chuma kwa ajili ya migomba mitatu!

Vijana, tusimshangilie. Na sisi tunaoota kuandika riwaya, tuache kumpamba shujaa kwa bastola. Hata mwoga anaweza kufyatua. Kupeleka isale ndiko kunataka moyo.