Ajali hii ina kinga, ila nani ailipie?

WAHENGA walisema ajali haina kinga. Kwa msumeno wa umeme wa mezani, ule ambao bledi yake ya duara huchomoza juu ya meza na kupasua mbao, msemo huo ulianza kupitwa na wakati mwaka 1999. Mwaka huo Mmarekani Stephen Gass, mwanafizikia ambaye pia ni wakili wa hataza, alibuni breki inayosimamisha bledi mara tu inapogusa kidole.

Namna breki hiyo inavyofanya kazi, hata mwanafunzi wa sekondari anaweza kuielewa. Bledi hupewa umeme mdogo sana. Mbao kavu haipitishi umeme vizuri, lakini mwili wa binadamu hupitisha. Ngozi ikigusa meno, umeme ule hubadilika, na papo hapo kipande cha alumini husukumwa na springi kikajikita kwenye meno ya bledi. Bledi husimama kabla ya sehemu tano za elfu moja za sekunde kupita, ikazama chini ya meza. Fundi ambaye angepoteza vidole huondoka na mkwaruzo.

Kama kinga ipo, kwa nini watu bado wanakatwa? Kwa miaka mingi Tume ya Usalama wa Bidhaa ya Marekani imekadiria kwamba watu wapatao 30,000 hutibiwa hospitalini kila mwaka kwa majeraha ya misumeno hii, na kwamba takriban 4,000 hukatika vidole au kiungo kingine.

Jibu ni fedha. Watengenezaji wakubwa walipoletewa uvumbuzi huo hawakuununua. Gass na wenzake wakaanzisha kampuni yao, SawStop, iliyoanza kuuza misumeno mwaka 2004. Kabla ya hapo, mwaka 2003, walikuwa wameiomba tume iifanye kinga ya aina hiyo kuwa ya lazima kwa kila msumeno mpya. Watengenezaji wakalalamika: mtu mwenye hataza anataka serikali imtafutie wateja!

Mahakama nayo ikaingia kati. Mwaka 2005 kibarua mmoja wa kutandaza sakafu za mbao aliumizwa vibaya mkono na msumeno wa bei nafuu wa Ryobi. Mwaka 2010 jopo la wananchi mjini Boston liliamua alipwe dola milioni 1.5, ingawa lilikubali kwamba naye alikuwa na sehemu ya lawama. Hoja iliyoshinda ilikuwa kwamba mtengenezaji aliijua teknolojia iliyo salama zaidi lakini hakuitumia. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ilikubaliana na uamuzi huo.

Wapo waliosema fundi aliyefanya kazi bila kinga ya kawaida ajilaumu mwenyewe. Mimi sikubaliani nao. Kinga inayomzuia fundi kuona anapokata, au inayombidi kuifungua na kuifunga kila mara, itaondolewa tu. Na mchuma janga hula na wa kwao: vidole vikikatika, ni watoto wanaokosa ada. Gharama ya msumeno wa rahisi haipungui, inahama kutoka dukani na kwenda nyumbani kwa kibarua. Kesi ile iliirudisha kwa aliyeuza.

Hata hivyo, fidia huja baada ya kidole kwenda. Na hofu ya wanaotetea msumeno wa bei nafuu si ya kupuuzwa. Mwaka 2017 tume yenyewe ilikiri kwamba bei ya misumeno midogo ingeweza kupanda zaidi ya maradufu. Mwaka huo huo msumeno wa Bosch, uliokuwa na kinga yake ya kuzamisha bledi, ulizuiwa kuingizwa Marekani kwa kuvunja hataza za SawStop. Je, kinga itashukaje bei ikiwa muuzaji ni mmoja?

Kwa mtazamo wangu hapo ndipo penye kiini cha mgogoro. Serikali isimlazimishe fundi kununua kitu ambacho mtu mmoja tu ana haki ya kukiuza. Mwaka 2024 SawStop iliahidi kuiacha hataza yake moja muhimu mikononi mwa umma iwapo kanuni ingeanza kutumika. Ni hatua nzuri, lakini mwaka huo ulikwisha kanuni haijapitishwa. Hataza ifunguliwe kwanza, watengenezaji washindane, kisha sheria ifuate na kuwapa muda. Kinyume cha hapo, fundi maskini atang'ang'ania mashine yake kuukuu, na sheria itakuwa imemlinda tajiri.

Msomaji atauliza, ya Boston yanatuhusu nini sisi Rwanda? Mashine nyingi nilizoziona katika karakana zetu ni meza ya chuma iliyochomelewa, mota, na bledi iliyo wazi. Hakuna kampuni ya kushtaki. Aliyeajiriwa na kuchangiwa RSSB ana pa kwenda akiumia kazini, lakini kibarua wa siku ana nini? Na breki ya Gass, hata ingeletwa kesho, ina masharti yake: mbao mbichi sana inaweza kuifyatua bila sababu, na kila ikifyatuka hununuliwa nyingine, mara nyingi pamoja na bledi.

Kwa hiyo tusikae tukiisubiri. Nilipokuwa mwanafunzi uhamishoni Tanzania, karakana ya shule ilikuwa na amri moja: kipande kidogo cha mbao husukumwa kwa fimbo, si kwa mkono. Fimbo hiyo ni takataka ya karakana yenyewe. Kifuniko cha bledi, kisu cha nyuma kinachozuia mbao kumrukia fundi, na swichi iliyo karibu na goti, vyote vinaweza kutengenezwa na mchomeleaji yule yule aliyeunda meza. Vyama vya ushirika vya maseremala viweke sharti kwamba mashine isiyo na vitu hivyo haiwashwi, na kibarua achangiwe bima kama mfanyakazi mwingine.

Wamarekani wamebishana kwa zaidi ya miaka 20 juu ya nani alipie kidole. Sisi tuanze na kinga ambayo bei yake haina ubishi.