Mahagi: Tusiwape wachokozi mega zetu



Kila mara watu wanapouawa huko Djugu, simu zetu hapa Mahagi zinaanza kulia ata mbele ya radio kusema kitu. Picha ya maiti, sauti ya dakika mbili, na chini yake mutu mumoja anauliza: "Na ninyi mutanyamaza mpaka lini?" Huyo mutu hana sura, hana kwao, hana rafiki ata mumoja tunayemujua. Lakini ndani ya saa moja ameisha kupata majibu mia. Sisi njo tunamupa.

Wazungu wanamwita mutu wa namna hiyo troli. Sisi tuseme muchokozi tu, juu kazi yake ni kuchokoza: hatafuti jibu, anatafuta hasira. Kuna wachokozi wadogo, wale wa kucheka timu ya mpira ya mwenzao ao nguo za mwanamuziki. Hao tumeisha kuwazoea. Tunasema hapa juu ya yule anayekuja na jina la kabila mudomoni. Katika Ituri jambo hilo si la muchezo. Vita ya 1999 mpaka 2003 iliua watu maelfu na maelfu. Tangu mwisho wa 2017 damu imeanza tena kumwangika Djugu, na wakimbizi wengi walikuja kulala kwetu. Mei 2021 serikali ikaleta ile wanaita état de siège, na mauaji hayakuisha. Mahali kama hapa, sentensi moja ya uongo inaweza kufunga soko, ao kumufanya dereva wa moto apigwe njiani juu ya jina lake.

Namna gani kumutambua? Ufungue profili yake. Konti ni ya mwezi uliopita, picha ni ya muchezaji wa mpira ao ya ua, na posti zote ni za siku za mauaji tu. Siku za Examen d'État, siku mvua imekata barabara ya Bunia, siku bei ya sukari inapanda pale Goli, yeye hayuko. Kisha umuulize swali la kwetu: ni kijiji gani, groupement gani, nani chefu wa pale? Mutu anayelilia ndugu yake atakujibu, ata kwa matusi. Muchokozi anaruka kwenye jambo lingine, ao anakuuliza wewe ni kabila gani. Anapenda "ninyi" na "wale". Mwenye kosa hamutaji kwa jina, anataja kabila nzima.

Picha nayo uipitishe kwanza kwenye Google Lens; mara nyingi utakuta ni ya zamani, ao imetoka inchi ingine. Na kwenye WhatsApp, ukiona mishale miwili juu ya ujumbe, ujue umepita mikono mingi mbele ya kukufikia. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hauwezi kuutuma kwa zaidi ya grupu moja kwa mara moja. Kampuni yenyewe iliona hatari. Jirani zetu wa Kenya waliiona mbele yetu: kisha uchaguzi wa Desemba 2007, meseji za chuki za kikabila zilizunguka kwenye simu za kawaida, bila Facebook, na watu zaidi ya 1,100 walikufa katika fujo zile.

Wengi kati yetu wanasema: tukinyamaza, ni uoga. Tunawaelewa. Lakini muangalie namna mashini inafanya kazi. Tangu 2017 Facebook ilihesabu ile alama ya sura ya hasira mara tano kuliko like ya kawaida, na ni Septemba 2020 tu njo waliifutia uzito. Komanteri nazo zinahesabiwa. Basi ile "muongo wewe!" uliyoandika na mega yako ya mwisho inamusukuma mbele ya macho ya watu ambao hawangemuona.

Kuacha kumujibu yeye si kuacha kujibu watu. Hapa tuwe waangalifu. Wakati wa Ebola, Septemba 2018, watafiti waliuliza watu Beni na Butembo, na karibu mumoja kati ya wane hakuamini kama ugonjwa uko. Hao hawakuwa wachokozi. Walikuwa watu waliochoka kudanganywa, na ugonjwa ule uliua watu 2,287 mpaka ulipoisha Juni 2020. Mutu mwenye woga anahitaji jibu la pole pole. Vilevile, anayeuliza michango ya movema yetu imeenda wapi si muchokozi. Ni mwanachama. Tukianza kufukuza kila mwenye kutukosoa, tutafanana na wakubwa tunaowapinga.

Juu ya hiyo tena hatutaki kukimbilia kila siku kwa polisi. Sheria ziko: ya kukataza ukabila ni ya 1966, na Code du numérique ni ya Machi 2023. Lakini sheria hiyo hiyo ya habari za uongo inaweza kugeuzwa juu ya mwandishi wa habari ao juu yetu. Na tusiombe serikali ikate intaneti. Januari 2019 tulikaa karibu majuma matatu bila intaneti, na uvumi ulitembea kwa miguu.

Sasa, ile haisemwi. Wachokozi wengine si wageni. Ni vijana kama sisi, wenye diplome kwenye mufuko na wanaokaa kwa wazazi. Wakati wa kampeni tulipigiwa simu: mwanasiasa mumoja alitafuta "vijana wanaojua mutandao". Malipo: mega na kitu kidogo kila juma. Kazi: konti tatu kila mutu, kutukana mupinzani wake na watu wa kabila ya mupinzani. Siku ile kuna kati yetu waliokuwa hawana ata pesa ya sabuni. Tulikataa, lakini wengine walipatikana. Hatuwezi kumuhubiria mwenye njaa na kumuacha anayemulipa akipigiwa makofi kwenye mikutano.

Katika grupu zetu tumepatana hivi. Hakuna picha za maiti; aliyekufa ana mama, na mama huyo naye ana simu. Anayeleta habari ya shambulio aseme aliiona mwenyewe ao aliisikia kwa nani. Matusi ya kabila: admini anachukua kapture, anafuta, anamutoa bila mabishano. Kisha tunaweka habari tuliyohakikisha kwa watu wa pale pale, bila kutaja jina la muchokozi.

Kila grupu inahitaji waadmini wawili, wa kabila mbili tofauti. Ngote na Mahagi-centre wameisha kuleta majina. Wa Nioka na Mahagi-Port, tunangoja yenu mbele ya siku ya posho.