Kuua Popo Hakuzuii Marburg

Marburg ilipozuka Bukoba Vijijini Machi 2023, na iliporudi mkoani Kagera Januari 2025, safari hii Biharamulo, vijiweni yalisikika maneno yale yale: popo wachomwe moto, miti wanayolala ikatwe. Hofu hiyo tunaielewa, ugonjwa huu unaua. Lakini dawa hiyo imeshajaribiwa hapo jirani tu, na haikufaa kitu.

Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, waliugua Marburg. Mwaka uliofuata milango ya mgodi ikazibwa kwa matete na nyavu za samaki, popo zaidi ya laki moja wakaangamizwa. Mwaka 2012 ugonjwa ukalipuka Ibanda, karibu na mgodi huo huo. Watafiti waliporudi Kitaka walikuta kundi dogo la popo limeshahamia upya. Wenye virusi walikuwa asilimia 13. Kabla ya mauaji walikuwa asilimia 5. Kwa maoni ya watafiti hao, pango likiachwa tupu huingia popo wapya wasio na kinga, na virusi hupata pa kuenea.

Halafu, ni popo yupi? Anayejulikana kubeba virusi hivi ni popo wa matunda aishiye mapangoni. Wale wanaoning'inia kwenye miti ya mijini na kupiga kelele mchana kutwa, wenye manyoya ya rangi ya majani makavu shingoni, ni wengine kabisa. Na hao ni wapanzi wa mvule. Popo hulitafuna tunda, akafyonza maji na kutema machicha. Mbegu ndogo huzimeza, akaziangusha na kinyesi huko anakopita, mbali na mti uliozaa. Mbao za mvule tunazipenda sote, ila sijui ni wangapi kati yetu tumewahi kuupanda. Mbuyu nao hufungua ua lake jioni, na kesho yake limenyauka. Usiku huo mmoja popo huja kunywa maji matamu ya ua, akaondoka na chavua usoni.

Mkulima wa maembe ana haki ya kulalamika. Hasara yake ni ya kweli, na achume mapema au afunike mti kwa wavu uliokazwa vizuri. Asipige shoka. Popo jike huzaa mtoto mmoja tu kwa uzazi, kwa hiyo kundi likishafyekwa huchukua miaka kurudi.

Halmashauri ziweke mabango kwenye midomo ya mapango yenye popo, na wachimbaji wapewe barakoa na glavu kabla ya kushuka. Nawe msomaji, tunda lililong'atwa litupe, popo aliyeanguka usimshike kwa mkono mtupu, na pangoni usiingie.