Uhuru wa Kusema: Tusidanganywe na Mfano wa Rwanda



Kila mara wananchi wanapodai uhuru wa kusema, hujitokeza mwenye cheo akatutajia Rwanda. "Je, mwataka tufike kule?" huuliza, na mkutano mzima hunyamaza. Hoja hiyo tumeisikia majukwaani na katika semina. Kwa masikitiko, tumeisikia hata katika vikao vya halmashauri za walei. Sisi twasema kwamba hoja hiyo ni potofu, na kwamba anayeitumia ama haijui historia ya Rwanda, ama anaijua na kuificha.

Tuitazame historia yenyewe. Redio iliyoitwa RTLM ilianza kutangaza mwezi Julai 1993. Ilikuwa redio ya kuchangamsha: muziki, mizaha, mazungumzo kama ya kijiweni. Watu waliipenda, na hilo tusilisahau, kwa maana chuki haikuingia nyumbani mwao ikiwa imekunja uso, bali ilikuja ikicheka. Katika mizaha hiyo Watutsi waliitwa "inyenzi", yaani mende. Kisha ndege ya Rais Habyarimana ikatunguliwa tarehe 6 Aprili 1994, na redio ile ile ikaanza kutaja majina ya watu, namba za magari yao na mahali walipojificha.

Je, hayo yalikuwa matunda ya uhuru uliozidi? La hasha! Miongoni mwa wenye hisa wa redio hiyo walikuwamo wakubwa wa utawala. Waziri wa Habari, Faustin Rucogoza, aliyetoka katika chama cha upinzani, aliwaita viongozi wake mwezi Novemba 1993 na tena Februari 1994, akawaonya waache uchochezi. Hawakumjali, kwani walijua nani anawakingia kifua. Tarehe 7 Aprili 1994 waziri huyo aliuawa. Sheria ilikuwapo na mwenye kuisimamia alikuwapo. Kilichokosekana ni utayari wa wenye nguvu kuitii.

Sasa tuweke kando ya redio hiyo gazeti la Kikatoliki la Kinyamateka, lililoanzishwa mwaka 1933. Mhariri wake, Padre André Sibomana, aliandika juu ya ulaji rushwa na dhuluma ya wakubwa, na mwaka 1990 alifikishwa mahakamani pamoja na waandishi wenzake. Aliachiliwa. Baada ya mwaka 1994 aliendelea kukemea maovu, safari hii ya watawala wapya, hadi alipofariki mwaka 1998. Hivyo, aliyesema ukweli juu ya wenye nguvu aliburutwa mbele ya hakimu, na waliowachochea watu dhidi ya jirani asiye na ulinzi wakapewa masafa ya redio. Nchi ya namna hiyo haikuugua wingi wa uhuru.

Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha iliuchambua mpaka huu kwa makini. Tarehe 3 Desemba 2003 iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa RTLM, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Mwaka 2007 mahakama ya rufani ilitengua baadhi ya makosa na kupunguza adhabu, zikawa kati ya miaka 30 na 35. Majaji hawakusema kwamba kuzungumzia ukabila au malalamiko ya kihistoria ni kosa. Walikiri kwamba mazungumzo hayo yaweza kuwa halali. Kosa ni kuwachochea watu wamwangamize mwenzao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 33, yasema vivyo hivyo: yalinda uhuru wa kujieleza, lakini yautenga uchochezi wa vurugu na maneno ya chuki. Kumwuliza diwani fedha za kisima zimekwenda wapi hakumo katika orodha hiyo, hata kama diwani atakasirika.

Hata hivyo, tusiwanyoshee watawala kidole tukajisahau. Redio ya chuki yahitaji wasikilizaji, na wengi wa wasikilizaji wale walikuwa wamebatizwa. Padre Athanase Seromba wa parokia ya Nyange alihukumiwa Arusha kwa kushiriki katika mauaji ya watu waliokimbilia kanisani mwake. Mwaka 2008 adhabu yake ikawa kifungo cha maisha. Twalitaja jambo hili kwa uchungu, kwa kuwa wapo wanaodhani kwamba kanzu humkinga mtu asiambukizwe.

Basi twawaomba wenyeviti wa jumuiya ndogo ndogo: mtu akisimama katika kikao na kumwita jirani yake mdudu au nyoka kwa sababu ya kabila lake, dini yake au chama chake, mkatizeni papo hapo, kabla kicheko hakijaanza. Akisimama mwingine kuuliza juu ya hesabu za parokia au za kijiji, mwacheni amalize, hata kama sauti yake ni kali, na mwenye hesabu ajibu. Na afisa akija kutuambia tufunge midomo kwa sababu ya Rwanda, tumwombe kwa heshima atueleze kwanza Padre Sibomana alishtakiwa kwa kosa gani.