ALIYEUMIA KICHWA ANGALI NDUGU YETU



Kila mara kapita anaandika hapa juu ya kelele, uchafu na kuchelewa. Leo nataka kusema juu ya kosa langu mimi mwenyewe.

Wote munamujua mwenzetu aliyeanguka na pikipiki wakati wa likizo kubwa. Sitaandika jina lake. Alilala siku nyingi bila fahamu. Tulimutembelea hospitali, tulichanga pesa, tulimuombea katika ibada ya asubuhi. Kidonda kikapona, nywele zikaota, akarudi masomoni. Tukasema: Mungu asifiwe, mambo imeisha. Kumbe haikuisha.

Alianza kusahau. Mwalimu anamuuliza kitu cha jana, yeye anatazama tu. Kelele inamuumiza kichwa. Anakasirika upesi. Wengine wakamuita mwenda wazimu, wengine wakasema amelogwa. Na mimi niliandika jina lake mara tatu katika orodha ya wakosaji: amechelewa, amejibu vibaya. Baada ya mara ya tatu mama yake aliniita pembeni, akasema: "Mwanangu, asubuhi anatoka nyumbani mapema. Njia ndiyo anaisahau." Nilipata haya sana.

Tufahamu basi. Ubongo ni laini. Pigo kubwa linautikisa ndani ya kichwa, nao unaweza kuumia hata kama mfupa haukupasuka. Mtu akiumia hivyo anaweza kukosa kumbukumbu, kuchoka upesi, kushindwa kuzuia hasira. Si kiburi, wala si pepo.

Tena si pikipiki peke yake. Vita ya Ituri, tangu 1999 mpaka 2003, iliacha watu wenye makovu ya panga kichwani. Iko pia malaria ya kichwa. Mwaka 2008 waganga waliofuata watoto wa hospitali ya Mulago, kule Kampala, walionyesha kwamba miaka miwili baada ya kupona, karibu mtoto mmoja kati ya wane alikuwa bado na shida katika kufikiri. Nadhani hakuna mtaa wa Bunia, Mudzi-Pela ao Nyakasanza, usio na mtu wa namna hii.

Wengine watasema: sheria ni moja kwa wote, na Ekzamen ya Leta haingojei mtu. Ni kweli. Lakini mwenye kuvunjika muguu hatumuambii akimbie. Tunamubebea mfuko, sababu plasta tunaiona. Ubongo hauna plasta.

Sisi watu wa hapa tunajua kusaidia mgonjwa akiwa kitandani. Juma la kwanza nyumba inajaa wageni mpaka viti vinakosa. Mwezi wa tatu hakuna anayepiga hodi. Na ule mwezi wa tatu ndio mtu anatuhitaji zaidi.

Katika Marko sura ya 2, mgonjwa wa kupooza hakufika kwa Yesu kwa nguvu yake. Watu wanne walimubeba, na walipokosa njia wakabomoa paa. Je, darasani mwetu wanne hawapatikani?

Mimi naomba hivi. Wanaokaa upande wa kwao wapite kumuchukua asubuhi. Jirani wake wa benchi amuandikie kazi ya kesho katika kitabu kidogo. Kichwa kikimuuma, atoke akae chini ya mwembe bila maneno mingi. Jambo hili nimekwisha kumuomba Bwana Prefe, naye amekubali. Na atakayemuita mwenda wazimu, jina la huyo ndilo nitaandika katika orodha.

Juma lililopita aliniambia anataka kuacha masomo. Nikamuuliza: ni juu ya hesabu? Akajibu: hapana, ni juu ya kicheko. Hesabu ni kazi ya mwalimu. Kicheko ni chetu, na tunaweza kukimaliza leo.

Siku ya Mungu alikuja katika korali. Akasimama pahali pake pa zamani, kati ya sauti za chini, akaimba mpaka mwisho, hakusahau hata neno moja. Pahali pale tulikuwa tumepaacha wazi. Basi tumuachie na pahali pake darasani.

Kapita wenu,
Darasa la 6