VAR Bila Maelezo Huzaa Fitina: Somo Tulilolipata Temeke



Leo tunaliweka pembeni suala la piko, udi na mapambo ya ukumbi. Tunazungumza mpira. Msitukimbie, kwani mpira huu nusura utuvunjie harusi.

Kumi la mwisho la Ramadhani ya mwaka 2024 lilitukuta Tandika, wilayani Temeke, nyumbani kwa shangazi yetu. Tulivuka bahari kwenda kununua vitambaa Kariakoo, maana binti wa shangazi alikuwa anaolewa Mfunguo Mosi, siku chache tu baada ya Idi. Usiku wa Ijumaa, tarehe 5 Aprili, baada ya tarawehe, vijana wa mtaani wakatoa televisheni barazani. Yanga walikuwa Pretoria, Afrika Kusini, wakirudiana na Mamelodi Sundowns kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mechi ya kwanza kwa Mkapa ilikwisha bila kwa bila.

Bwana harusi mtarajiwa ni Yanga wa damu. Kaka yake bibi harusi ni Simba wa kufa na kuzikana. Walikaa benchi moja, sahani ya kaimati katikati yao, wanataniana kama mashemeji.

Kipindi cha pili Aziz Ki akaachia shuti. Mpira ukagonga mtambaa panya, ukadunda chini mstarini, ukarudi nje. Mtaa ukalipuka. Sisi tuliokuwa ndani tulidhani mwezi umeandama. Halafu kimya. Waamuzi wa video wamepitia, si bao, mpira unaendelea. Mtazamaji wa Tandika hakuambiwa kilichoonekana ndani ya kile chumba chao. Mwishowe Yanga wakatolewa kwa penalti 3-2.

Kaka mtu akacheka. Kicheko kingevumilika, lakini akaongeza neno moja la kumgusa mama wa mwenzake. Bwana harusi akainuka, akavaa kandambili zake, akaondoka. Siku mbili hakupokea simu ya mtu. Shangazi alikaa juu ya mkeka na vile vitambaa mapajani, analia. Wazee wawili ndio waliokwenda kumtuliza, kwa maneno mengi na kwa kuombwa radhi.

Tangu usiku ule tumekuwa tukijiuliza: hivi teknolojia iliyoletwa kumaliza ubishi, mbona imeuongeza?

Tatizo si mashine peke yake

Tuielewe kwanza. VAR ilianza kutumika kwenye Kombe la Dunia la wanaume mwaka 2018, kule Urusi. Haichezeshi mechi. Ilipoanza iliingia kwenye mambo manne tu: bao, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na mchezaji kuadhibiwa kwa kosa la mwingine. Kwa yale yanayotegemea jicho la refa, uamuzi wake wa awali haubadilishwi mpaka kosa liwe la wazi kabisa. Kwa hiyo shabiki anayedai kila faulo ya katikati ya uwanja irudiwe kwenye video, anadai kisichokuwemo.

Lakini hayo nani kamweleza? Sisi tunaamini maradhi makubwa yapo hapo. Uamuzi unapotoka chumbani bila maelezo, kila mtu anaujaza mwenyewe. Mmoja anasema wamehongwa, mwingine anasema wametuonea kwa sababu ya nchi yetu. Dini yetu imetufundisha kuhakikisha habari kabla ya kuifanyia kazi. Basi na anayetoa habari naye ana wajibu wa kuiweka mahali ambapo watu wanaweza kuihakikisha.

Na dawa ipo. Mwaka 2023, kwenye Kombe la Dunia la Wanawake kule Australia na New Zealand, refa akishatazama video alisimama uwanjani na kutangaza uamuzi wake kwa kipaza sauti, uwanja mzima ukasikia. Wanawake wenzetu walifanya hivyo mbele ya maelfu ya watu, na dunia haikuanguka. Kinatuzuia nini sisi? Refa aseme kwa Kiswahili chepesi: nimetazama, mpira haukuvuka mstari wote, si bao. Kisha picha ileile aliyoitazama ionyeshwe kwenye televisheni. Atakayebisha atabisha, lakini atabishania picha, si uvumi.

Tusingoje ya wakubwa

Wako watakaosema VAR ni ghali. Ni kweli. Inataka kamera nyingi, chumba, umeme usioyumba na waamuzi waliosomea. Uwanja wa Azam pale Chamazi, Mbagala, au wa KMC pale Mwenge, Kinondoni, si Wembley.

Lakini FIFA imejaribu njia nyepesi zaidi. Kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 20, Colombia, mwaka 2024, hapakuwa na waamuzi wa chumbani. Kocha akiona ameonewa aliomba video itazamwe, na refa mwenyewe akaenda pembeni ya uwanja kuitazama. Kila kocha alikuwa na maombi mawili kwa mechi, na akipatikana na haki, ombi lake halipotei.

Tunaipenda njia hii kwa sababu mbili. Inahitaji vifaa vichache, kwa hiyo timu ndogo nayo inaweza kupata haki sawa na Simba na Yanga. Pia inamfunga kocha mdomo kwa heshima: ulikuwa na nafasi ya kuuliza, hukuitumia, basi usije kuwachochea watu baada ya mechi. Tunaomba TFF na Bodi ya Ligi waitazame kwa makini.

Jukwaani hakuna VAR

Sasa tuseme na upande wetu, maana si haki kumlaumu refa peke yake.

Tarehe 28 Mei 2023, Yanga walicheza na USM Alger fainali ya kwanza ya Kombe la Shirikisho kwa Mkapa. Katika msongamano wa siku ile mtu mmoja alifariki na wengine wapatao 30 wakajeruhiwa. Mtu ametoka kwao kwenda kutazama mpira, hakurudi. Hapo hapakuwa na penalti wala kuotea. Kilichokosekana ni utaratibu, na subira.

Desemba 2024, kwenye uwanja huohuo, baada ya Simba kuwafunga CS Sfaxien 2-1 dakika za mwisho, fujo zikazuka na viti zaidi ya mia mbili vikang'olewa. Januari 2025 Simba wakacheza na CS Constantine uwanja ukiwa mtupu, kwa adhabu ya CAF. Wauza maji na karanga wa pale Temeke, wengi wao kina mama, siku ile walimuuzia nani?

Halafu kuna matusi. Dada zetu, tuliangalie hili vizuri: refa akikosea, anayetukanwa si yeye. Hutukanwa mama yake. Mwanamke aliyekaa kwake anachambua mchele, hajui hata mechi inachezwa wapi, ndiye anayevuliwa nguo mdomoni mwa watu. Na watoto wetu wa kiume wanayasikia hayo na kuyabeba mpaka nyumbani. Lile neno lililosemwa Tandika halikuzaliwa Tandika, limefunzwa jukwaani. Nchi hii imewahi kumwona mwanamke, Jonesia Rukyaa, akichezesha Simba na Yanga mwaka 2016. Tukitaka mabinti wengine washike filimbi, lazima kwanza jukwaa liache kumfanya mama kuwa jalala.

Tunapendekeza haya. Milango ifunguliwe mapema, na mwenye tiketi asiachwe kusukumana na asiye nayo. Kuwe na eneo la familia, na wanawake wakaguliwe na wanawake. Matawi ya Simba na Yanga, ambayo yanajuana kwa majina mpaka vichochoroni, yawaadhibu wanachama wao wanaotukana na kung'oa viti, kabla CAF haijaiadhibu timu nzima. Na sisi majumbani, mtoto akirudi na tusi la uwanjani, tusicheke.

Najua wapo watakaosema bila kelele mpira haunogi. Hatukatai kelele. Tarehe 25 Mei 2025 fainali ya Simba na RS Berkane ililetwa hapa kwetu Amaan. Steven Mukwala alifunga, VAR ikalikataa bao kwa kuotea, mechi ikaisha 1-1 na kombe likaenda Morocco. Nyumbani kwetu tulipiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Kisha tukapika chai, tukalala. Inawezekana.

Na ile harusi je?

Harusi ilifungwa, alhamdulillah. Lakini bibi harusi wetu hakukubali mambo yaishe hivihivi. Kabla ya ndoa aliwaita kaka yake na mchumba wake mbele ya wale wazee wawili, akaweka sharti lake: mechi ikiisha, hakuna anayempigia mwenziwe simu mpaka asubuhi, na jina la mama wa mtu halitajwi kwenye mpira.

Mpaka leo wanalishika. Siku ya watani wa jadi shemeji mtu huja na mkungu wake wa ndizi, wanatazama pamoja, filimbi ya mwisho ikilia anaaga na kwenda zake. Asubuhi ndipo simu inalia, na mara nyingi anayecheka kwanza ni yule aliyefungwa.

Mabibi harusi, wakati mnapanga mahari na ukumbi, hili nalo lizungumzeni mapema.