Unga Unaotembea

Muhula uliopita mwenzetu mmoja wa kidato cha kwanza alilazwa peke yake pembeni mwa bweni. Mikono yake ilimwasha, nasi tukasema ana upele. Mimi, kiranja wake, ndiye niliyetoa amri hiyo. Leo naungama kwamba kosa lilikuwa ndani ya sanduku langu.

Nilitoka nyumbani na unga wa uji, nikauweka uvunguni, sanduku likigusa ukuta uliolowa kwa mvua za masika. Mtoto yule ndiye aliyekuwa akinichotea kila jioni. Siku moja niliuona unga umepata harufu ngeni. Nikaufanya kichuguu; baada ya muda kichuguu kikaporomoka chenyewe! Mwalimu wa Biolojia akatuonyesha kwa hadubini: utitiri, wenye miguu minane, jamaa ya kupe na buibui, urefu wao yapata nusu milimita. Mtu akiushika unga wao huwashwa, lakini hamwambukizi mwenziwe.

Viumbe hawa hawahitaji kunywa maji. Huvuta unyevu uliomo hewani. Penye ukavu hawastawi. Ndugu zao wakaao katika vumbi la magodoro hupenda unyevu vilevile, na tangu miaka ya 1960 wataalamu wa Uholanzi walionyesha kwamba hao huchochea pumu.

Wenzangu wengine wataka chakula cha nyumbani kipigwe marufuku bwenini. Mimi sikubali. Kumnyima mtu unga wa mama yake hakukaushi ukuta. Yafaa tupewe rafu ya mbao iliyo mbali na ukuta, unga utiwe katika makopo yenye mifuniko imara, na magodoro yaanikwe juani kila Jumamosi. Nanyi wazazi wetu, pimeni mahindi kabla ya kusaga: yatieni katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu, mtikise. Chumvi ikigandamana na chupa, mahindi hayajakauka.

Zaidi ya hayo, twapaswa kuchunguza kabla ya kumhukumu mtu. Wahenga walisema, usilolijua ni usiku wa giza.

Mtoto yule nilimwomba radhi mbele ya bweni zima. Amenisamehe, ila uji wangu hataki tena, wala simlaumu.